Mkono wa Saba

Daftari la kumbukumbu za chama chetu lina ganda la buluu na kurasa 200, na mwandiko uliomo ni wangu tangu ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa 61 unasema hivi: waliohudhuria 12, waliokubali 7, waliokataa 4, aliyenyamaza 1. Katibu naye ana kura. Mkono wa saba ulikuwa wangu.

Habari hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo stima imepotea tangu alasiri, watoto wako kwa bibi yao, simu ina chaji ya kutosha. Naimaliza.

Tuko wanawake 23. Wengi wetu ni wa Langoni hapa Lamu, watatu wa Mkomani, na mmoja ameolewa Shela, ambaye kila mkutano hutusomea nauli ya mashua kabla hata hajatusalimu. Tulianza 2011 tukicheza mchezo wa shilingi 200 kwa wiki. Tulipotaka kujisajili tukaambiwa hakuna cheti bila katiba, basi tukaiandika wenyewe, kurasa nne, tumekaa mkekani sebuleni kwa mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenyekiti mpaka hii leo. Tulibishana saa nzima juu ya faini ya kuchelewa. Juu ya namna ya kuibadilisha katiba yenyewe hatukubishana hata dakika moja: mkutano uwe na watu wasiopungua 12, na iwe nusu ya waliohudhuria na mmoja zaidi. Pilau ilikuwa yanukia jikoni.

Miaka kumi na moja mstari ule haukumsumbua mtu. Kisha wakaja hawa tunaowaita vijana, ingawa mmoja wao ana mtoto wa darasa la nane. Walitaka akiba yetu itoke benki inunue friza tatu, tuwauzie wavuvi barafu na tuhifadhi samaki bei inapoanguka. Katiba yasema akiba ni ya kukopeshana wanachama tu, kwa hiyo ilibidi iguswe, na walikuwa wanakaribia kupata watu wa kuigusa. Wazee wakaingiwa na baridi. Haikuwa woga wa bure. 2015 tulimkopesha mtu asiye mwanachama, kwa kumwonea huruma, na zile fedha hatukuziona tena. Mpaka leo kuna wanaopita njia ya nyuma wasikutane naye.

Mama mkwe akaja na hoja fupi. Kuanzia sasa katiba isiguswe ila kwa robo tatu ya wanachama. Si ya waliohudhuria, ya wote, pamoja na aliye mgonjwa na aliye safarini. Robo tatu ya 23 ni 17 na robo, na kwa kuwa mwanamke hagawanyiki, ni 18.

Mkutano ukaitishwa Alhamisi. Wiki ile vijana wanane walikuwa Faza harusini, na haikuwa siri, maana mimi mwenyewe niliwasindikiza hadi gatini nikawashikia masanduku ya nguo. Hoja ilipowekwa mbele nikainua mkono. Hesabu niliijua, harusi niliijua, nikauinua. Aliyeolewa atanielewa: mama mkwe anakutazama, chai uliyokunywa ni yake, utaanzaje kuuacha mkono mapajani?

Basi watu saba kati ya 23 wakaamua kwamba tangu siku ile hata watu 17 hawatoshi.

Julai 2023 kitindamimba wetu alinipigia simu ya video kutoka Columbus, Ohio. Kwangu saa tano usiku, kwake saa kumi jioni, ndiyo kwanza atoke kwenye ghala anakofanya kazi. Ameshapata uraia wa Marekani, na ile ingekuwa mara yake ya pili kupiga kura. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Dada, wewe ulikuwa karani wa kura. Hebu nieleze hii. Nimeisoma mara tatu na bado sijui nikisema Ndiyo nimesema nini."

Akanisomea, akitafsiri huku akibabaika. Ohio, tangu 1912, mwananchi anaweza kukusanya saini na kupeleka badiliko la katiba ya jimbo moja kwa moja kwa wapigakura, nalo likipata zaidi ya nusu linapita. Swali Nambari 1 la tarehe 8 Agosti lilitaka nusu hiyo iwe asilimia 60. Lilitaka pia wakusanyaji wa saini wafikishe kiwango katika kaunti zote 88 badala ya 44, na zile siku 10 walizokuwa wakipewa kujazia saini zilizopungua zifutwe.

Mimi Agosti sikuiona ajabu. Kwetu Agosti ndio mwezi wa kura. Yeye ndiye aliyenifungua macho: kule mwezi wa kura ni Novemba, na Agosti watu wako likizo, hata kuna wasiojua kama vituo vimefunguliwa. Tena wabunge wale wale wa jimbo walikuwa wamekwisha kuzifuta karibu chaguzi zote za Agosti kwa kuwa watu hawajitokezi na fedha zinapotea. Sheria ile ilitiwa saini Januari. Ilipofika Mei wakapanga hii ya kwao, Agosti.

Nikanyamaza kidogo. Mashua ya Faza ilikuwa imenipita mbele ya macho.

Kilichokuwa nyuma yake kila mtu alikijua. Novemba lilikuwa linakuja swali jingine, la kuingiza haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo. Hadharani waliounga mkono kizingiti cha 60 walisema wanailinda katiba na matajiri wa nje. Lakini Frank LaRose, Katibu wa Jimbo, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi, alirekodiwa akiwaambia watu wa chama chake cha Republican kwamba jambo lile ni asilimia mia moja kulizuia lile la Novemba. Magavana wanne wa zamani, wawili wa Republican na wawili wa Democrat, walilipinga. Hilo la pande zote mbili kukaa mkeka mmoja lilimgusa ndugu yangu kuliko matangazo yote ya televisheni.

Sasa sikilizeni ugumu wake. Ndugu yangu hataki utoaji mimba. Mimi pia, na mjadala huo sitaufungua hapa, msinijazie maoni chini. Msikitini kwake palikuwa na watu wakimwambia: piga Ndiyo Agosti, kizingiti kikipanda, lile la Novemba litakwama lenyewe. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Yeye akaenda akapiga La. Walipiga kura zaidi ya watu milioni tatu, na La ikashinda kwa asilimia 57.

Likaja la tarehe 7 Novemba, nalo likaitwa Swali Nambari 1, kama kwamba wenye kupanga majina wameapa kuwachanganya watu. Akapiga La tena. Safari hii akashindwa, swali likapita kwa asilimia 56.8.

Yaani Agosti ungeshinda upande wa 60, Novemba naye angeshinda. Aliibomoa ngome yake kwa mkono wake mwenyewe, na alijua anachobomoa. Nikamuuliza kama hajuti. Akasema matokeo anayajutia, kura haijutii.

"Kesho mwenye kutembeza saini naweza kuwa mimi, dada. Nitawaambia nini, kwamba mlango nilisaidia kuufunga mimi? Kwani nyinyi chama chenu mwahitaji wangapi?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Mimi vizingiti nimeviona kwa karibu. Tarehe 4 Agosti 2010, kura ya maoni ya katiba mpya, nilikuwa karani katika shule moja ya msingi hapa mjini. Kijani Ndiyo, nyekundu La. Makanisa yalikuwa yamepiga kelele juu ya Mahakama za Kadhi, na juu ya hii hii mimba, na huku kwetu suala la Kadhi peke yake lilitosha kumtoa mtu kitandani. Tulihesabu usiku kwa taa ya chemli. Nyekundu zilikuwa chache mno katika chumba chetu hata msimamizi akatuamuru tuzihesabu mara nne, akisema safu ikikaa tupu watu watadhani tumekula. Sheria ya wakati ule haikutosheka na zaidi ya nusu ya nchi, ilitaka pia angalau robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kitaifa Kijani ilipata kama asilimia 67, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kufukua vipengele.

Katiba ile nayo ikaweka kizingiti chake. Kifungu cha 255 chataja mambo mazito, kama vile Haki za Binadamu, ugatuzi na muhula wa Rais, ambayo hayabadiliki bila kura ya maoni: zaidi ya nusu ya waliopiga, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wawe wamejitokeza katika angalau nusu ya kaunti. Hapa Mkunguni, kahawa ikishazunguka mara mbili, utasikia mtu akisema kipengele hicho kinatulinda sisi wadogo. Hakitulindi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 4,397,073 Nairobi. Kaunti 24 za kujitokeza zinapatikana bila mtu wa Kiunga wala wa Witu kutia mguu kituoni.

Tunapolingana na Nairobi ni mahali pengine, ambapo watu wa baraza hawapataji. Mswada wa wananchi, ule wa saini milioni moja, sharti upite kwanza katika mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47. Pale bunge letu lenye wadi 10 lina uzito ule ule wa bunge lolote. Mswada wa namna hiyo ulioitwa Punguza Mizigo ulikuwa na saini zake za kutosha 2019, ukafia humo kwenye mabunge ya kaunti. BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta, ikapita katika zaidi ya kaunti 40, ikaja kufia mahakamani, na Mahakama ya Juu ikalifunga jambo tarehe 31 Machi 2022, kwamba Rais hawezi kuwa ndiye mwenye kuanzisha mswada wa wananchi.

Kwa hiyo ndugu yangu aliponitajia zile kaunti 88 za Ohio, mimi mtu wa kisiwani nilifurahi. Nikamwambia hilo moja zuri, wadogo wasimezwe. Akaniuliza: kaunti moja ikikosa saini zake, zile 87 zitafanya nini? Sikuwa nimefika huko. Nilikuwa najiona mimi ni Lamu. Sikujiona kuwa ni mmoja wa wale 87.

Lakini msidhani nasema kizingiti kiwe chini tu. Marehemu baba yangu alikuwa kijana 1963, na ile katiba ya uhuru aliijua kwa namba kama wengine wanavyojua matokeo ya mpira. Kuibadilisha kulihitaji asilimia 75 katika mabunge yote mawili, na kwa mambo yaliyolindwa zaidi asilimia 90 ya Seneti. 1965 kikateremshwa hadi 65. Mwaka uliofuata Seneti yenyewe ikaunganishwa na Bunge, ikapotea. Baba alikuwa akihesabu kwa vidole kila kilichofuata, na akifika Juni 1982, nchi ilipofanywa ya chama kimoja kisheria, alikunja ngumi kwa kuwa vidole vimekwisha. Kipengele kile kilikaa mpaka Desemba 1991. Wazee wanaoogopa mlango mwepesi wana sababu zao, na mama mkwe wangu ni mmoja wao. Zile fedha za 2015 ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Nyumba ya babu yangu ina kizingiti cha mbao kinachofika nusu ya muundi. Watoto wote wa familia yetu wana kovu lake. Miaka ya mwisho babu mwenyewe alishindwa kukivuka, akawa anabebwa kwenda msikitini, na alipoambiwa kipunguzwe akakataa, fremu italegea. Natoka nje ya habari, najua.

Florida. Hii aliniletea ndugu yangu baadaye, na ndiyo iliyonifanya nishike simu niandike. Novemba 2006 watu wa Florida waliulizwa kama mabadiliko ya katiba ya jimbo lao yahitaji asilimia 60. Wakakubali, kwa asilimia 57.8. Soma tena. Sharti la 60 liliingia na 57.8, na lingepimwa kwa pishi yake lenyewe lingebaki nje. Novemba 2024 likaja la kutoa mimba huko huko, likapata asilimia 57.2, likaanguka. Tofauti ya kura za mwanzo na za pili haijai hata asilimia moja, na moja ndiyo iliyoiua nyingine.

Colorado 2016 walijiwekea 55 na wakapata 55.7, angalau wao wamelala kwenye kitanda walichotandika. Arkansas na South Dakota waliulizwa 2022, wote wakakataa, South Dakota kwa kama theluthi mbili. New Hampshire ndio wenye theluthi mbili katika katiba yao, na ni zoea lao la miaka mingi, sina neno nao. Neno langu ni na Florida, kwa kuwa mimi ni Florida.

Swali lile sikulisikia kwanza kwa ndugu yangu. Nililisikia sebuleni kwa mama mkwe, Alhamisi iliyofuata harusi, kwa msichana mmoja aliyerudi Faza bado ana hina mikononi. Nilimsomea ukurasa wa 61. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Hiyo robo tatu yenu, shangazi, mliipata kwa robo tatu?" Hakuna aliyemjibu. Mama mkwe akasema ajenda inayofuata ni faini.

Tangu hapo nina msimamo mmoja, nao ni mdogo, unaingia mfukoni. Mwenye kutaka 60 na aje na 60. Mwenye kutaka robo tatu na aitishe mkutano siku mashua zote zimerudi, ahesabu robo tatu, aandike. Hapo mimi nitaitunza robo tatu hiyo kama mboni ya jicho, hata ikinikera.

2024 tulijaribu kurekebisha. Vijana hawakutaka kurudi kwenye nusu na mmoja, jambo lililowashangaza wazee; walipendekeza theluthi mbili ya wanachama wote. Theluthi mbili ya 23 ni 15 na kitu, yaani 16. Tukaitana kwa mwezi mzima, tukasubiri hata wa Shela akapona mguu. Tukapiga kura. Tukapata 16. Hoja ya 16 ikapata 16, ikashindwa, kwa kuwa wale saba wa Alhamisi ile wanadai 18. Niliyaandika hayo ukurasa wa 88 na kalamu ikawa inaniteleza. Friza hazijanunuliwa. Bei ya barafu mwaiona wenyewe.

Sasa nina karatasi ndani ya daftari. Wa 17 amepatikana, mmoja wa wale wanne waliokataa siku ya kwanza na ambaye 2024 alikuwa Mombasa hospitalini na mumewe. Wamebaki sita. Mmoja yuko Oman kwa binti yake, na katiba yetu haijui kura ya simu. Wawili wanaumwa, hawatoki. Wawili wamesema wazi kwamba wakifa ndipo friza zitanunuliwa.

Wa sita ni mama mkwe.

Ijumaa iliyopita nilimpelekea mkate wa mofa. Nilizungumza robo saa bila kupumua, Ohio yote, Florida yote, na yeye akitafuna polepole, macho yako kwenye daka. Nilipomaliza akaniuliza daftari liko wapi. Nilikuwa nalo mkobani.

"Soma ule ukurasa."

Nikasoma tarehe, nikasoma akidi, nikaanza majina ya waliokubali, moja baada ya jingine, kama tulivyoinua mikono. Nilipofika la sita nikafunga daftari.

"Na wa saba ni nani?" akauliza.

Nikamwambia. Akasukuma kikombe chake upande wangu, nimtilie kahawa nyingine.